Mizigo Yatima ya Bangwe

“Mama Veneranda, hivi mzigo ukitoka ng'ambo, halafu ukamkosa mwenyewe, huwa unalala wapi?”

Swali hilo aliliuliza Mzee Nyabenda, fundi seremala wa Bangwe, asubuhi moja akiwa amesimama kwenye ua wa jirani yake na kikombe cha uji mkononi. Aliliuliza kwa unyonge, kama mtu anayeulizia mbuzi wake aliyekata kamba. Hakujua kwamba nyuma ya pazia la chumba cha uani kulikuwa na mtu mwingine anayesikiliza.

Mpangaji wa chumba hicho aliitwa Anatoli. Alikuwa bado kitandani, maana kazi yake haikuwa ya kuamkia. Aliposikia swali lile aliketi kitako. Kichwa chake kilianza kufanya kazi palepale, na kichwa cha Anatoli kikishaanza kufanya kazi, masikio yake hufunga duka. Kwa hiyo swali alilisikia lote, lakini jibu lilimpita. Nalo lilikuwa jibu fupi tu, la mama mjane aliyekuwa akikoroga uji huku anajibu. Tutalifikia. Yeye mwenyewe alilifikia baadaye, akiwa amechelewa.

Kwanza tumtambue mtu wetu. Anatoli alishuka na treni mwaka uliotangulia, shati jeupe, kalamu mfukoni ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiiandikia, na ulimi ambao Mwenyezi Mungu alimpa pengine kwa makusudi ya kuhubiri, mwenyewe akaubadilishia kazi. Aliwahi kuwauzia watu wa Mwandiga viwanja vya makaburi vyenye mandhari ya ziwa. Walioenda kuvikagua walisimama hapo mchana kutwa, wakageuka kila upande, ziwa hawakuliona. Alipoulizwa, alijibu kwa huzuni, “Ndugu zangu, hayo mandhari ni ya marehemu.” Wakaona aibu kuuliza zaidi.

Sasa mkasa wa Mzee Nyabenda. Binti yake Ndayikunda alichukuliwa na mumewe kwenda Kanada, wakitokea kambi ya wakimbizi. Alipiga simu akasema, “Baba, nimekutumia miwani. Nimeipimisha kwa daktari kwa vile vipimo ulivyopimwa hospitali.” Mzee alifurahi hadi akaimba. Kisha wiki zikapita, miezi ikapita, miwani haikuonekana. Kumbe binti alikuwa ameandika jina la baba na jina la kambi waliyokuwa wakiishi zamani, basi. Mzee alikwisha kuhama kambini, yuko Bangwe na randa yake. Na Bangwe, pamoja na vile vibao vya namba za nyumba ambavyo serikali imevipigilia, barua bado zinapitia sanduku la posta. Asiye na sanduku anaazima la jirani.

Mtaa ule wote uliazima la marehemu Oswald, mume wa Mama Veneranda. Tangu azikwe, ufunguo wa sanduku ulihamia shingoni kwa mjane wake, pamoja na rozari, na kila wiki mama alikuwa akienda mjini kulifungua. Alikuja na barua za mtaa mzima kwenye kikapu cha mboga, akazigawa mlango kwa mlango. Hakuwahi kufungua ya mtu. Na akikuta bahasha yenye jina asilolijua, alikuwa akiirudisha posta siku ileile, hata kama mvua inanyesha. “Kitu kisicho cha kwangu hakilali kwangu,” ndivyo alivyozoea kusema. Mtaa mzima uliijua tabia hiyo. Anatoli naye aliijua, ila aliihesabu katika mambo ya wazee.

“Mzee, bila miwani kazi unafanyaje?” Mama Veneranda aliuliza asubuhi ile.

“Ninapapasa, mama. Juzi nimemtengenezea katekista meza. Miguu mitatu inakanyaga chini, wa nne unaning'inia.”

“Na katekista kasemaje?”

“Kasema atauombea.”

Basi, huku wao wakicheka, Anatoli alikuwa amekwisha kuona utajiri. Mizigo! Mizigo kutoka ng'ambo isiyo na wenyewe! Nani Kigoma hii hajawahi kuota mzigo wa namna hiyo umemwangukia mlangoni?

Alianza kazi siku hiyo hiyo, na tuseme ukweli, alifanya kwa bidii ambayo kama angeifanyia shamba, angekuwa na ghala. Alinunua karatasi ya kaki na kamba ya katani. Aliyeyusha mshumaa mwekundu uwe lakiri. Stempu za kigeni alizipata bila kutoka nje: sebuleni kwa Mama Veneranda kulikuwa na kopo la biskuti lenye barua za Krismasi za Sista Godelieve, mtawa mzee wa Ubelgiji aliyewahi kufundisha ushonaji Kigoma zamani na hakuacha kumkumbuka mama kila mwaka. Mama alipokwenda misa, Anatoli alizibandua stempu zile moja moja kwa mvuke wa sufuria ya uji. Na kwa kuwa kila mzigo wa heshima huwa na jina la aliyetuma, alinakili mgongoni mwa kila kifurushi anwani ya kigeni pekee aliyokuwa nayo, ile ya Sista Godelieve. Mtawa wa watu, huko aliko na goti lake bovu, hakujua kwamba amegeuka mfanyabiashara mkubwa.

Ndani ya vifurushi alitia alivyovipata: makopo, kandambili zilizokatika, magazeti, na kwa ajili ya uzito, vipande vya tofali kutoka kwenye choo ambacho Mama Veneranda alikuwa hajamaliza kukijenga.

Wa kwanza kutembelewa alikuwa Alphonce, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Mwanga. Alphonce alikuwa mtu ambaye akikupimia misumari, kidole gumba chake nacho kilipanda kwenye mizani.

“Bosi, shikamoo,” Anatoli alisema, akaweka kifurushi kaunta kama anayelaza mtoto mchanga. “Sikuja kuuza. Nimekuja kuaga dhamiri yangu.”

“Marahaba. Hicho nini?”

“Yatima.”

“Yatima gani amefungwa kamba?”

“Mzigo yatima, bosi. Umetoka Ulaya, anwani imekosewa, mwenyewe hapatikani. Iko mingi imejaa stoo. Ikikaa sana inapigwa mnada, na huo mnada wanauziana wao kwa wao wakubwa. Mimi nina ndugu yangu anayelinda pale. Kaniambia, Anatoli, tafuta watu waaminifu, watu wenye siri. Nikafikiri, mwaminifu nani mjini hapa? Jina lako ndilo lililokuja.”

Alphonce hakuwahi kuitwa mwaminifu na mtu yeyote isipokuwa mama yake, na yeye alikwisha kufariki. Alilainika. Alikinyanyua kifurushi, akakitikisa sikioni, akakinusa.

“Kizito.”

“Wazungu hawatumi vyepesi.”

“Pengine ni simu.”

“Mimi siwezi kusema ni simu, bosi. Ningesema ni simu ningekuwa tapeli.”

“Bei?”

Hapo Anatoli aliinamisha kichwa kama padre kwenye maungamo. “Pesa ya simu inaacha nyayo. Ya noti, watu huuliza umeitoa wapi. Ndugu yangu anapokea dhahabu tu. Dhahabu haina jina.”

Alphonce alifikiri kidogo, akavua mkufu wake mzito uliokuwa uking'aa kifuani kwake tangu alipoununua. Aliutoa kwa moyo mzuri kabisa, wa mtu anayejua anamwibia Mzungu asiyemjua.

“Ila sharti ni moja,” Anatoli alisema, mkufu umekwisha kupotea mfukoni. “Usifungue mpaka nikupe neno. Karatasi za mnada bado zinasafiri. Ukifungua kabla, umefungua mzigo wa mtu, na hiyo ni kesi.”

“Nisikie tu ndani?”

“Kusikia ruksa. Kutikisa ruksa. Kufungua, hapana.”

Na hapo ndipo ujanja wote ulipokuwa. Mtu akinunua mbuzi kwenye gunia, atalifungua gunia akifika nyumbani. Lakini mtu akiambiwa kwamba kufungua ni kesi, atakaa na gunia lake, na kila akilitikisa, mbuzi ananenepa.

Dada Happiness, mwenye saluni, alitoa hereni zake za dhahabu na bangili. Alikiweka kifurushi kwenye kabati la dawa za nywele, na kila mteja alipoinamishwa kichwa kuoshwa, yeye alikwenda kukitikisa. “Ni manukato, kaka Anatoli,” alinong'ona. “Nimesikia yanacheza.” Zile zilikuwa kandambili. Mzee Sadala, mwenye mawese Ujiji, alitoa saa ya dhahabu aliyoachiwa na baba yake, kisha akataka cha pili, akaongeza pete. Yeye aliapa ndani mna injini ndogo ya boti, imekunjwa. Mji ukajaa watu wenye nyuso za siri. Walikutana sokoni wakatazamana, kila mmoja akimhurumia mwenzake kwa kutojua.

Mambo yalikuwa hivyo hadi siku moja Mzee Nyabenda alipomfuata Anatoli uani, mikono mbele, akipapasa kamba ya nguo.

“Mwanangu Anatoli, nimesikia habari ya mizigo. Wa kwangu hujauona huko? Una miwani.”

Hapa, msomaji, mtu mwenye haya angesema hapana. Anatoli alisema, “Nyabenda? Ngoja... Nyabenda wa kambini? Mzee! Ninao! Uko juu kabisa ya rafu!”

“Yoo, Mana yanje, Mungu wangu!” Mzee alishika kichwa. “Basi niletee.”

“Tatizo ni ndugu yangu. Hauachii bila kitu cha dhahabu.”

Mzee alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiye na kitu. “Dhahabu? Mimi nina gundi na vumbi la mbao.” Akageuka akaenda zake taratibu, akajigonga kwenye pipa la maji, akaliomba radhi.

Jioni ile Mama Veneranda alibisha mlango wa Anatoli. Alikuwa ameshika pete ya ndoa. Ilikuwa imemkaa kidoleni tangu ujana wake, na ngozi pale ilipokaa ilikuwa nyeupe kama ya mtoto.

“Hii itatosha kwa mzigo wa mzee?”

Anatoli alitazama pete, akatazama kidole. Kitu kilimkwama, kama mwiba wa samaki mgebuka kooni. “Mama, hii si ya marehemu?”

“Ni yake. Oswald alilinunua lile sanduku ili watu wapate vya kwao. Hatanilaumu. Nami ninaamini itarudi.” Alimtazama machoni kwa utulivu wote. “Au wewe unaonaje, mwanangu?”

Palikuwa na mlango pale, wazi kabisa, wa yeye kutokea. Mama alimshikia. Lakini Anatoli akameza, na mwiba ukashuka. “Itarudi, mama. Mungu si Athumani,” akasema, akaipokea.

Kesho yake Mzee Nyabenda akapewa kifurushi. Anatoli alimkumbusha sharti, naye akaitikia. Ila jambo moja Anatoli hakulipima. Wale wengine walikuwa wananunua mizigo ya watu, ndiyo maana waliogopa kufungua. Mzee Nyabenda alipewa wa kwake, una jina lake, na mtu haogopi kufungua cha kwake. Alifika kwenye karakana yake, akashika patasi, akakata kamba.

Asubuhi iliyofuata Anatoli alisikia sauti yake nyuma ya pazia, pale pale penye ua.

“Mama Veneranda, mwanangu amenitumia tofali.”

Anatoli alisogelea pazia.

“Tofali?” mama aliuliza.

“Tofali nusu. Na kandambili ya kushoto. Nimekaa nalo usiku kucha, nalipapasa. Nikajiuliza, Ndayikunda anataka kuniambia nini? Au labda matofali ya Kanada yana kazi yake?”

“Lete nilione.”

Anatoli alisikia kijiko kikigonga sufuria, kisha hakikugonga tena. Mwisho mama akasema, taratibu kabisa, “Ni tofali zuri, mzee. Limechomwa vizuri. Na hii karatasi yake usiitupe, ina stempu nzuri. Niachie. Halafu kesho tutakwenda mjini wote, nina shughuli.”

Anatoli alilala chali akacheka bila sauti hadi kitanda kikalia. Limechomwa vizuri! Aliwahi kuwadanganya watu wengi, lakini hakuwahi kumpata mama anayesifia tofali la choo chake mwenyewe bila kulitambua.

Hata hivyo, hakuwa mpumbavu. Mzigo mmoja ulikwisha kufunguka, na mingine ingefuata. Alikata tiketi ya treni ya kwenda Tabora. Kazi iliyobaki ilikuwa kuisafirisha dhahabu. Begi lingeweza kupekuliwa stesheni; mifuko ingelia akitembea. Akapata wazo, na kwa kweli lilikuwa wazo zuri kuliko yote: aliifunga dhahabu yote, mkufu, hereni, bangili, saa, pete zote, katika kifurushi cha kaki kama vile vingine. Kamba, lakiri, stempu ya mwisho. Nani atashangaa kuona kifurushi? Mbele akaandika jina la mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, Bwana Melkiori Ntakarutimana, Kigoma. Nyuma, kwa mazoea tu, mkono wake ukaandika Sista Godelieve, Ubelgiji.

Siku ya safari aliweka begi na kifurushi barazani, akaenda kuoga. Alioga akiimba. Alijisugua vizuri, maana Tabora hakuna anayemjua na alitaka kuanza upya akiwa msafi. Alipotoka, begi lilikuwapo. Kifurushi hakikuwapo.

Alitazama chini ya benchi. Alitazama kwenye pipa. Aliita, “Mama! Mama Veneranda!” Kuku mmoja ndiye aliyeitikia. Akapiga simu.

“Mama, shikamoo, kuna kamzigo kangu hapa barazani...”

“Marahaba, mwanangu. Kako?” sauti ya mama ilikuwa tulivu, nyuma yake kukisikika watu. “Mimi nimekuta mzigo una jina la mtu simjui. Bwana Ntakarutimana. Nimeuleta posta. Si unajua mwenyewe, kitu kisicho cha kwangu hakilali kwangu.”

Anatoli alirukia bajaji akiwa na povu la sabuni sikioni. Njia nzima alikuwa akitunga. Hakuogopa sana, kulikuwa na dirisha, na nyuma ya dirisha kulikuwa na mtu, na hakuwahi kukutana na mtu ambaye hakumweza.

Karani wa dirishani alikuwa mama mnene, mpole, anayekula karanga.

“Dada yangu mpenzi, habari za kazi,” Anatoli alianza. “Kuna mzigo umeletwa hapa kimakosa. Wa mjomba wangu, Melkiori Ntakarutimana. Mgonjwa sana. Kanituma.”

“Pole yake. Una barua yake ya kukutuma?”

“Mkono haushiki kalamu, dada.”

“Una kitambulisho chake?”

“Kiliungua na nyumba.”

“Maskini. Ameumwa na kuungua,” karani alisema, akatafuna karanga. Aliutoa mzigo chini ya meza, akautikisa. Ukalia. “Ndani mna nini?”

“Vitabu vya dini.”

Akautikisa tena. “Vitabu gani hivi vinalia njuga?”

“Na rozari. Rozari nyingi. Mjomba anazigawa.”

“Basi hakuna shida,” karani alisema. “Afisa forodha huyu hapa. Wewe ukisema ni wenu, tunaufungua hapa mbele yako, tukikuta rozari unazichukua unakwenda. Maana leo ni siku ya kufungua. Wenzako wanasubiri hapo.”

“Wenzangu wapi?”

“Huyo hapo!” sauti ya Alphonce ilinguruma nyuma yake. “Si niliwaambia atakuja? Anatoli!”

Aligeuka. Kwenye benchi refu la ukutani walikuwa wameketi, wamevaa vizuri kama watu walioalikwa harusini: Alphonce na kifurushi chake mapajani, Mzee Sadala na viwili vyake, na Dada Happiness, ambaye alikuja na kikapu kikubwa kitupu cha kubebea. Mwisho wa benchi aliketi Mama Veneranda, mikono imetulia juu ya rozari, na kando yake Mzee Nyabenda.

“Kaka Anatoli, mbona hukutupa neno?” Happiness alisema kwa furaha. “Mpaka Mama Veneranda katupitia jana, kasema leo mizigo inafunguliwa posta.”

“Sikuwadanganya,” Mama Veneranda alisema. “Inafunguliwa.”

“Afisa,” Alphonce alisimama akamwonyesha Anatoli kwa kidole, kifua mbele, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. “Huyu ndiye mtu wetu! Ndiye aliyetuuzia yote! Mwaminifu sana huyu kijana!”

Afisa forodha, ambaye mpaka hapo alikuwa akisoma simu yake, aliiweka chini.

Mzee Nyabenda naye aliinuka. Juu ya pua yake kulikuwa na miwani mipya, mikubwa, inayong'aa. Alisogea mpaka karibu na uso wa Anatoli, akamkagua kama anayekagua ubao wenye ufa.

“Kumbe ndivyo ulivyo,” akasema. “Siku zote nilidhani una ndevu.”

“Mzee... hiyo miwani...”

“Ilikuwa hapa hapa. Ilikwenda kambini, hawakunikuta, ikarudi, ikakaa inaningoja. Mama kauliza, wakaitoa. Ego, ndiyo, mwanangu! Nilipoitia tu machoni, nikalitazama lile tofali. Nikamwambia mama, hili nalifahamu. Nililipanga mimi mwenyewe kwenye choo chako.”

Mama Veneranda alinyanyuka, akaja akasimama karibu na Anatoli, karibu sana, akasema kwa sauti ya chini ambayo wa kwenye benchi hawakuisikia. Aliisema bila hasira, kama anayempa mtu maelekezo ya njia.

“Siku ile mzee aliniuliza mzigo ukikosa mwenyewe unalala wapi, wewe ulikuwa nyuma ya pazia. Miguu yako ilionekana. Lakini jibu langu nadhani hukulisikia. Nilimwambia, unarudi kwa aliyetuma. Nawe umeandika umetumwa na Sista Godelieve. Nimempigia juzi simu kumuuliza hali ya goti lake, nikamuuliza na hilo. Anasema hajatuma kitu. Basi na aliyetuma hayupo. Na mzigo usio na mwenyewe wala aliyetuma, mwanangu, haulali popote. Unafunguliwa mbele ya watu, kila mtu akachukua anachokijua.”

Anatoli alifungua mdomo.

“Ngoja, sijamaliza. Dada hapa atakuuliza mara moja tu kama ni wako. Ukisema ni wako, utafunguliwa ukiwa umesimama hapa, na Alphonce ataona mkufu wake. Ukisema si wako, utafunguliwa ukiwa umeshaondoka. Mimi pete yangu naipata vyovyote. Begi lako nimemwambia katekista alipeleke stesheni. Chagua.”

Nje, kutoka upande wa stesheni, treni ilipiga honi. Benchini Mzee Sadala alikuwa anawaeleza wenzake jinsi injini inavyokunjwa, na Happiness alikuwa anapanguza kikapu chake kwa kitambaa. Afisa forodha alichukua mkasi.

“Haya, kaka,” karani alisema, akauweka mzigo katikati ya dirisha, ukalia njuga. “Niambie nimalize. Huu mzigo ni wako?”

Wote wakamtazama kwa upendo. Na Anatoli, aliyewauzia watu ziwa la marehemu, aliyemgeuza mtawa mfanyabiashara, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukosa la kusema, aliutazama ule mzigo wa kaki kwa mara ya mwisho, akajifuta povu sikioni, akageuka, akatoka nje bila kuongeza hata neno.